Zimwi la Kuchorwa Mara Mia Tatu

Chukua katuni ya mtandaoni inayotoa kurasa mbili kwa wiki. Zimwi lake likitokea katika fremu tatu za kila ukurasa, kufikia mwisho wa mwaka litakuwa limechorwa mara 312. Litachorwa limekaa, litachorwa likikimbia, litachorwa limempa msomaji mgongo, litachorwa dogo kama punje ya mchele kwenye kona ya fremu. Mara nyingine litachorwa saa saba za usiku na mtu aliyechoka ambaye ameshaahidi ukurasa asubuhi. Zimwi la picha moja halina shida hizo. Linapewa wiki nzima, kila gamba linapata kivuli chake, kazi imekwisha.

Wengi wanaoanzisha katuni ya madubwana huanza na zimwi la picha moja. Linapendeza, wanaliingiza kwenye hadithi, na kufikia ukurasa wa kumi wameanza kulificha nyuma ya miamba na ukungu. Hesabu yake iko wazi: umbo linalochukua dakika 40 kwa fremu badala ya 15 linakula dakika 25 za ziada, na dakika 25 mara 312 ni saa 130. Kwa saa hizo mtu angechora sura nyingine nzima ya hadithi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama zimwi linatisha, uliza kama linachoreka. Bahati nzuri maswali hayo mawili hayapingani. Umbo linalotambulika kwa mbali, lenye mwili ambao mchoraji anajua mifupa yake imekaa wapi, huwa jepesi kurudia na huaminika zaidi pia.

Kivuli kwanza

Usichore jicho hata moja kabla ya kuchora vivuli vyeusi vitupu. Chora ishirini au thelathini, kila kimoja kisizidi sentimita tatu, kwa kalamu nene isiyokuruhusu kuweka vidole wala meno. Udogo huo una kazi yake: unaunyima mkono nafasi ya kudanganya kwa mapambo. Kisha chukua vitatu unavyovipenda, uviweke kando ya vivuli vya wahusika wengine wa hadithi. Ukishindwa kutofautisha dubwana na mtu aliyevaa koti kubwa, rudi mwanzo.

Kosa la kawaida ni kujaza weusi. Mikono imebanwa mbavuni, mkia umepita nyuma ya miguu, mabawa yamekunjwa mgongoni, na kivuli kizima kinakuwa gunia. Kivuli husomeka kwa matundu meupe yaliyo kati ya kiungo na kiungo. Tundu kati ya shingo na bawa, tundu kati ya mkia na paja, hayo ndiyo yanayomwambia msomaji anatazama nini. Jaribio la mwisho halina huruma: punguza mchoro hadi kimo cha pikseli 60, ushike simu kwa mkono ulionyooshwa, utazame. Hivyo ndivyo zimwi litakavyoonekana katika fremu za mbali, na fremu za mbali huwa nyingi kuliko mtu anavyopanga.

Mifupa ya kuazima

Mchoraji wa Italia Leonardo da Vinci aliacha kwenye madaftari yake ushauri kwa anayetaka mnyama wa kubuni aonekane wa kweli. Ukitaka joka, chukua kichwa cha mbwa mkubwa, macho ya paka, masikio ya nungunungu, pua ya mbwa wa mbio, paji la simba, panja za jogoo mzee na shingo ya kobe wa majini. Zaidi ya miaka mia tano imepita na ushauri huo bado unafanya kazi, kwa sababu kila kipande kina mifupa na misuli ambayo mchoraji anaweza kwenda kuitazama. Ukikwama kuchora kichwa kikitazama juu, unajua cha kutafuta: picha ya mbwa anayetazama juu. Dubwana lililotolewa lote hewani halina pa kuulizia.

Ila viungo vya kuazima lazima vishikane, na hapo ndipo michoro mingi inapofia.

Anza na mikono ya ziada. Mkono wa binadamu haujaning'inizwa tu kando ya kifua. Umeshikwa na kombe la bega kwa nyuma na mtulinga kwa mbele, na misuli ya kifua na mgongo ndiyo inayouvuta. Jitu la mikono minne ambalo jozi yake ya pili imebandikwa chini ya kwapa huonekana kama mwanasesere aliyeungwa kwa gundi. Dawa yake ni kurefusha kifua kwa nusu ya urefu wake au zaidi, kuweka makombe mengine mawili chini ya yale ya kwanza, na kuacha misuli ya kifua cha juu iilalie ile ya chini. Kisha amua jozi ipi ndiyo yenye nguvu. Zikiwa sawa, viwiko vinne vitagombania nafasi katika kila fremu. Jozi ya chini ikiwa ndogo, ya kazi nyepesi, inaweza kukunjwa tumboni na kusahaulika kwa nusu ya ukurasa bila mtu kulalamika.

Bawa nalo ni mkono. La popo ni kiganja kilichotanuliwa: kidole gumba kimebaki kifupi na ukucha wake, vidole vinne vimerefuka na kubeba ngozi, na ngozi hiyo inateremka ubavuni hadi mguuni. Kwenye bawa la ndege vidole vimepungua na kuungana, na manyoya makubwa ya kurukia yameshikwa na kiganja pamoja na mfupa wa chini ya kiwiko. Joka la miguu minne na mabawa mawili, basi, ni mnyama wa viungo sita, na mabawa yake yanadai mabega yake yenyewe. Makosa mawili hujirudia: bawa linaota katikati ya uti wa mgongo kama mpini wa ndoo, na kifua kinabaki bapa. Misuli inayoshusha bawa iko kifuani, ndiyo maana kidari cha ndege ni kinene.

Asiyetaka usumbufu huo alifanye bawa kuwa mguu wa mbele. Katika elimu ya nembo za Uingereza joka la miguu miwili na mabawa mawili lina jina lake, wyvern, na kwa mchora katuni lina faida ya moja kwa moja: viungo viwili pungufu kwa kila mchoro. Mara 312, hivyo ni viungo 624 usivyolazimika kuvichora.

Jambo jingine la mabawa: yachore yakiwa yamekunjwa kabla ya kuyachora yamekunjuliwa. Picha ya majivuno huwa ya joka linaloruka, lakini ndani ya hadithi joka hutumia muda mwingi limesimama, linabishana, limelala. Bawa la popo hujikunja kama mwavuli, vidole vikikusanyika kando ya mkono wa chini. Kama lako likikunjwa linaburura ardhini au linapita kichwa kwa mita mbili, ni refu mno. Lipunguze sasa, usingoje ukurasa wa 40.

Miguu ya nyuma inawapotosha hata wazoefu. Kwa mbwa na paka, kile kinachoonekana kama goti lililogeuzwa nyuma ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, nalo linaelekea mbele kama letu. Wanyama hao wanatembea kwa vidole. Farasi anatembea kwa ncha ya kidole kimoja iliyovaa kwato. Ukishalijua hilo, mguu wa kiumbe mwenye kwato unachoreka kwa mistari mitatu: paja linakwenda mbele, muundi unarudi nyuma, wayo uliorefuka unateremka wima. Wasiolijua huongeza goti la pili, mguu unapata mkunjo wa ziada, na dubwana linaonekana kama linakaribia kuanguka hata likiwa limesimama tu.

Wadudu na viumbe wa baharini wana mitego yao. Miguu yote minane ya buibui hutoka sehemu ya mbele ya mwili, hakuna hata mmoja unaotoka kwenye tumbo lile la duara la nyuma. Pweza ana mikono minane. Ngisi ana minane na juu yake minyiri miwili mirefu. Mnyiri wowote uanze na mstari wa katikati, kisha pete zinazouzunguka ili kuonyesha unageukia wapi, na vikombe vya kunyonyea vikae upande mmoja tu. Wanaoruka hatua ya pete huishia na utepe uliobapa, vikombe vikimkodolea msomaji hata pale mnyiri unapojipinda kwenda nyuma.

Ukubwa usiobadilikabadilika

Mwaka 1638 mwanasayansi Galileo alieleza kwa nini jitu haliwezi kuwa mtu wa kawaida aliyekuzwa tu. Kimo kikiongezeka mara mbili, eneo la mfupa uliokatwa huongezeka mara nne, lakini uzito huongezeka mara nane. Alichora hata mfupa wa kawaida na kando yake mfupa mrefu mara tatu, ukiwa umenenepeshwa vya kutosha kufanya kazi ileile. Wa pili unafanana na gogo. Katuni haidaiwi fizikia, na jitu lenye miguu ya twiga linaweza kupendeza vizuri tu. Lakini jicho la msomaji limezoea uzito. Nenepesha miguu, punguza kichwa, na jitu linakua bila kuongezewa hata pikseli moja. Kichwa kikubwa hufanya kinyume: kinaleta mtoto mchanga.

Ndani ya fremu, chombo cha kupimia ni mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na mbingu. Vitu vyote vilivyosimama kwenye ardhi moja tambarare hukatwa na mstari huo kwa kimo kilekile, yaani kimo cha jicho la anayetazama. Ukipita kwenye kidevu cha mhusika, tuseme mita 1.5 kutoka chini, utalikata dubwana nalo kwenye mita 1.5, liwe karibu au mbali. Ukitaka liwe la mita sita, mstari upite kwenye robo ya kimo chake. Basi. Hesabu hii ndogo huponya ugonjwa sugu wa katuni za namna hii, zimwi la mita sita katika ukurasa wa 12 ambalo limefika mita tisa katika ukurasa wa 15 na kuingia mlangoni katika ukurasa wa 16.

Mwendo nao hupimika. Mguu hubembea kama pendula, yaani uzito unaoning'inia kwa uzi, na muda wa pendula hufuata kipeuo cha pili cha urefu wake, kwa hiyo jitu refu mara nne huchukua muda mara mbili kwa kila hatua. Katika katuni muda ni fremu na nafasi iliyo kati yake. Gawa hatua moja ya jitu katika fremu mbili, na mtu aliye pembeni awe ameshapiga hatua mbili jitu linapomaliza moja. Ukiwapa mwendo sawa, jitu linageuka kuwa mtu aliye karibu na kamera.

Ngozi

Mchoraji wa Ujerumani Albrecht Dürer alichora kifaru mwaka 1515 bila kuwahi kumwona, akitegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine. Alimvika mabamba kama vazi la chuma la askari na kumwongezea pembe ndogo juu ya mabega. Kifaru huyo wa uongo aliendelea kunakiliwa Ulaya kwa zaidi ya karne mbili. Ukitazama mabamba yake utaona sababu: kila moja linaishia pale mwili unapokunjika, shingoni, begani, kwenye paja. Ngozi ngumu isiyo na mahali pa kukunjika haiaminiki hata ikichorwa kwa ustadi gani.

Magamba hayachorwi yote. Yaweke kwenye ukingo wa umbo, pale mwanga unapogeuka kivuli, na katika vishada vichache vya magamba matano au sita mahali pengine, ncha zikielekea mkiani. Sehemu yenye mwanga iache tupu. Jicho la msomaji litajaza lenyewe. Ukiyachora yote, picha ikipunguzwa kwa ajili ya simu mistari inakaribiana hadi inakuwa rangi ya kijivu chafu, na saa tatu za kazi zinaonekana kama doa. Manyoya vivyo hivyo: chora mafungu yanayofuata mwelekeo wa mwili, usihesabu unywele mmoja mmoja.

Kuhusu pembe, tofauti moja inaweza kuzaa hadithi. Pembe ya ng'ombe au swala ni ala ngumu iliyovaa kiini cha mfupa, nayo hubaki maisha yote. Pembe za matawi za kulungu wa nchi za baridi ni mfupa mtupu, hudondoka na kuota upya kila mwaka. Dubwana la pembe za aina ya pili linaweza kutokea bila pembe kwa sura nzima, na mchoraji akapumzika kihalali.

Rangi nitazipitia haraka. Mbili kuu na moja ya kuvutia jicho zinatosha, mradi zimehifadhiwa kama sampuli ndani ya faili ili zisibuniwe upya kila wiki. Kila baada ya muda geuza ukurasa uwe wa weusi na weupe. Zimwi likizama kwenye mandhari, tatizo ni mwanga na giza, na kubadilisha zambarau kuwa kijani hakutasaidia.

Uso unaoigiza

Zimwi likishakuwa mhusika, linapaswa kushangaa, kuona haya, kusema uongo. Mwanadamu hufanya mengi ya hayo kwa nyusi, na madubwana wengi hawana nyusi. Tafuta mbadala mapema: masikio yanayolala nyuma, miiba ya shingo inayosimama, ngozi ya kidevu inayojaa. Viungo viwili vinavyosogea vinatosha, na kila kimoja kipewe hali tatu: kimetulia, kimesimama, kimelala. Fuvu tupu lenye moto machoni linapendeza kwenye jalada, lakini baada ya mazungumzo ya kurasa nne utatamani kope.

Mboni husema mengi kwa nafasi ndogo. Mstari wima ni wa paka na nyoka wengi wanaovizia. Mstari mlazo ni wa mbuzi na kondoo, wanaotazama upeo kuona nani anakuja. Mbuzi akiinamisha kichwa kula, mboni zake huzunguka ili zibaki sambamba na ardhi. Lichore zimwi lenye mboni hizo likiinama juu ya kitanda, mboni zikibaki mlazo wakati uso mzima umegeuka, na hutahitaji damu.

Mdomo uchorwe umefungwa kwanza. Meno marefu yasiyo na mahali pa kuingia ni kosa ambalo halionekani hadi siku zimwi linapotakiwa kunyamaza. Kwa wanyama wanyonyeshao chonge ya chini hupita mbele ya chonge ya juu taya zikifumba, na bawaba ya taya iko nyuma karibu na sikio, si kwenye pembe ya midomo. Hesabu meno ukishamaliza, uandike idadi.

Idadi hiyo inakwenda kwenye karatasi ya mfano, ambayo ndiyo chombo chenye faida kubwa kuliko vyote katika kazi hii. Liweke zimwi mbele, ubavuni, nyuma na kwa pembe ya robotatu, mdomo wazi, mabawa yamekunjwa, na kando yake mhusika wa kimo cha kawaida. Kisha maandishi mafupi: meno 14 juu na 12 chini, miiba 9 mgongoni, vidole vinne mbele na vitatu nyuma, pembe ya kushoto imevunjika. Hilo la mwisho lina hatari yake. Wachoraji hugeuza picha kama kwenye kioo ili kuona makosa, na kusahau kuirudisha. Pembe iliyovunjika inahamia kulia, na wasomaji huliona hilo ndani ya dakika tano.

Baada ya karatasi hiyo kuna mtihani. Chora zimwi mara 20 ndani ya saa moja, dakika tatu kila mchoro, kila mara katika mkao tofauti. Kisha tazama ulichokuwa unakiruka. Kama ulisahau miiba ya viwiko katika michoro 15, miiba hiyo haina kazi. Ifute kwenye muundo. Baadhi ya watu hukwepa mtihani huu kwa kujenga sanamu ya 3D katika Blender, programu ya kompyuta, na kuchora juu yake. Inasaidia kwa majengo na kwa pembe zilizojipinda. Kwa mwili mzima huleta ugumu wa maiti, kwa sababu sanamu hainyooki wala haibonyei pale hasira inapodai.

Kioo cha simu

Jukwaa la WEBTOON hupokea vipande vyenye upana wa pikseli 800 na urefu wa 1280, na hata asiyechapisha huko anaweza kuuchukua upana huo kama kipimo. Chora kwa upana wa 1600, kisha punguza kwa nusu. Mstari wa nje wa dubwana ukiwa pikseli 8 na wa ndani 4, baada ya kupunguzwa unabaki na 4 na 2, vyote vinasomeka. Mstari wa pikseli moja unakuwa nusu pikseli, yaani kijivu hafifu. Vivuli vya nuktanukta ni hatari zaidi: nukta zikipunguzwa hutoa mawimbi ya ajabu yasiyokuwepo kwenye mchoro. Ziweke mwisho kabisa, kwenye nakala iliyokwisha kupunguzwa. Mistari ya wino na rangi bapa hifadhi kwa faili la picha la aina ya PNG, maana aina ya JPEG huacha uchafu kuzunguka mstari mweusi.

Anayeota kitabu afikirie mapema. Pikseli 1600 kwa nukta 300 kwa inchi zinatoa upana wa sentimita 13.5 tu. Ukurasa wa A5 kwa nukta 600, kiwango kinachofaa mistari ya wino, unahitaji upana wa karibu pikseli 3,500. Na ile kijani inayong'aa machoni mwa zimwi haitatoka kwenye wino wa matbaa. Itakuwa kijani ya majani makavu. Izungushie giza, ndipo itaonekana inang'aa.

Ukurasa wa kuteremsha kwa kidole kwenye simu una kasoro moja ambayo wachoraji wa majitu huigundua wakiwa wamechelewa. Msomaji anatoka juu kwenda chini, kwa hiyo kitu kirefu kinaanza kuonekana kichwani. Ule ufunuo wa kawaida, kuanza na mguu mkubwa kisha kupanda taratibu hadi usoni, hauwezekani. Uso umeshaonekana, kilichobaki ni kuteremka magotini. Yapo ya kufanya. Zimwi lining'inie darini, mkia ukianza. Au litoke shimoni, na msomaji ateremke gizani hadi alikute. Au likatwe katika fremu tatu zilizotenganishwa, mguu kwanza, hata kama kwa mahali mguu uko chini. Kumbuka pia kwamba simu ya kawaida inaonyesha takriban pikseli 1500 za urefu kwa mara moja kwenye picha ya upana wa 800. Fremu ya 2400 haitaonekana nzima kamwe. Kama ni lazima ukubwa wote uonekane pamoja, usizidishe 1300. Na vipande vinapokatwa, mkato usipite usoni. Baadhi ya vivinjari huacha uzi mweupe kati ya kipande na kipande.

Sauti na maneno

Viputo viwekwe kabla ya wino, sio baada. Herufi zisiwe chini ya pikseli 26 kwenye upana wa 800. Neno la Kiswahili hubeba sentensi nzima mgongoni, kwa hiyo kiputo chetu kinahitaji upana zaidi kuliko urefu, na likibidi kukatwa neno likatwe kwenye silabi, ikiwezekana kwenye kiambishi: lina-tutambua. Linatutam-bua ni kosa, kwa sababu mb haitenganishwi.

Kwa sauti za mapigo hakuna haja ya kuazima. Tanakali zetu zinajua hata zimwi limekanyaga wapi. Likianguka sakafuni ni pu, mchangani ni tifu, matopeni ni pwata, majini ni chubwi. Msomaji anaweza kulijua eneo hata kama fremu imejaa vumbi. Herufi za sauti zichorwe kwa mkono na zifuate uelekeo wa pigo. Ukimya pia unaandikika, jii, kwa herufi ndogo katika fremu pana iliyo tupu, na mara nyingi unatisha kuliko ngurumo.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho lugha hii inampa mchora katuni bure. Neno zimwi linaweza kuchukua upatanisho wa kisarufi wa aina mbili. Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na humo zimwi ni li-, kitu cha kuogopwa. Lakini mtu anaweza kusema pia zimwi huyu anakuja, na papo hapo kiumbe amepata nafsi. Wanakijiji wa hadithi waseme linakuja, limekula, liuweni. Mtoto aliyekaa nalo pangoni siku tatu aseme anakuja, amekula, mwacheni. Hakuna kiputo cha kueleza kwamba mtoto amebadilika. A- imefanya kazi hiyo. Tatizo ni kwamba katika kurasa 80 mwandishi husahau nani anatumia ipi, na mzee mkali anateleza na kusema anakuja sura mbili kabla ya wakati wake. Orodha ya nani anasema li-, nani anasema a-, na anabadilisha ukurasa wa ngapi, inakaa kwenye karatasi ya mfano, chini ya idadi ya meno.